Mvua, theluji na mawe: mwongozo wa kupanda Kilimanjaro na Meru msimu wa vuli na masika

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba, Moshi hupokea makundi ya Watanzania wanaopanda Kilimanjaro kusherehekea Uhuru, kwa kumbukumbu ya Luteni Alexander Nyirenda aliyesimika bendera na Mwenge kileleni usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961. Ni jambo jema, na ningependa makundi hayo yaongezeke. Shida iko kwenye kalenda: tarehe 9 Desemba mara nyingi huangukia ndani ya vuli. Aliyejiandaa kwa kutazama picha za Agosti hukutana na mvua msituni na theluji mbichi kuanzia kambi ya Barafu kwenda juu, akiwa amevaa jinzi na sweta lililolowa tangu siku ya kwanza.

Naandika kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya mgumu anayembebea mzigo, maana baridi ya Barafu ni ileile kwa wote wawili ilhali nguo zao hazifanani.

Wengi wakisikia theluji huwaza yale maporomoko makubwa ya kwenye video za Ulaya, mlima mzima ukishuka na kufunika watu. Yana masharti yake. Maporomoko ya namna hiyo hutokea zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, pale theluji nyingi inapolundikana tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja likashindwa kushikamana na lililo chini yake. Kwenye njia zetu za kawaida theluji haipati muda wa kulundikana hivyo; jua la ikweta huila ndani ya siku chache. Hata hivyo mteremko mkali uliopokea theluji nyingi kwa mara moja unaweza kuporomoka popote duniani, kwa hiyo makorongo yenye mwinuko huo upande wa Western Breach, lile pengo la magharibi kwenye ukuta wa kreta, na kuta za kusini si mahali pa kupita baada ya siku mbili tatu za theluji mfululizo. Kwa mpandaji wa kawaida, hatari hufuatana hivi: kulowa, kuchelewa, kuteleza, jiwe na radi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua njia kulingana na mwezi

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Novemba na Desemba. Kama tarehe iko mikononi mwako, panda Januari, Februari, au kati ya mwishoni mwa Juni na mapema Oktoba. Juni hadi Agosti usiku ni wa baridi kali zaidi lakini ni mkavu, na mimi ningechagua baridi kavu siku yoyote kuliko mvua yenye uvuguvugu.

Kama tarehe imeshapangwa na iko kwenye mvua, chagua njia kwa kufuata upepo. Bahari ya Hindi iko umbali wa takriban kilomita 300, na unyevu wake ndio unaolisha mlima huu. Upepo wa kusi huusukuma hadi kwenye miteremko ya kusini na kusini-mashariki, hewa inapanda, inapoa, inadondosha maji. Ndiyo maana misitu ya Marangu, Kibosho, Umbwe na Machame ni mibichi mwaka mzima, na mvua huwa nyingi zaidi kwenye ukanda wa karibu mita 2,000. Upande wa kaskazini, njia ya Rongai, mawingu hufika yakiwa yamekwisha kumwaga sehemu kubwa ya maji yao. Kumbuka tu kwamba wanaopanda kwa Rongai kwa kawaida hushukia Marangu, kwa hiyo nguo moja kavu iwekwe akiba kwa siku ya mwisho.

Marangu yenyewe ina faida moja kubwa wakati wa mvua, nayo haisifiwi inavyostahili: ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro ambayo wapandaji hulala ndani ya nyumba, Mandara, Horombo na Kibo. Paa na sakafu kavu kwa usiku mmoja vinaweza kuamua kama utafika juu. Nayo Umbwe, yenye mwinuko mkali na mizizi inayoteleza, iache kabisa masika.

Hatua ya 2: Soma mlima ukiwa bado mjini

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutolewa kila siku, na usikilize kuanzia wiki moja kabla. Unachohitaji kutoka kwake ni mwelekeo: mvua inaongezeka au inapungua, upepo unatoka wapi. Kiwango cha joto utakipiga hesabu mwenyewe, kwa sababu utabiri wa Moshi ni wa Moshi.

Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Tuseme usiku mjini ni nyuzi 20, na mji uko karibu mita 850. Horombo, mita 3,720, tarajia nyuzi 1 hivi. Kibo, mita 4,720, nyuzi 5 chini ya sifuri. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nyuzi 13 chini ya sifuri. Ongeza upepo wa kilomita 40 kwa saa na ngozi iliyo wazi itapoa kama vile ni nyuzi 25 chini ya sifuri. Hesabu hii ifanyeni pamoja kwenye kikao cha kundi, kwa kalamu na karatasi. Nimeona ikiwabadilisha watu kuliko onyo lolote la mdomo.

Kisha tumia macho. Amka alfajiri kabla mawingu hayajapanda, utazame kilele cha Mawenzi badala ya kilele kikuu, Kibo. Kibo huwa nyeupe kwa sababu ya barafu yake ya kudumu, kwa hiyo weupe wake haukwambii mengi. Mawenzi haina barafu ya kudumu na kilele chake kiko mita 5,149. Ukiona Mawenzi imevaa nyeupe, ujue theluji imeanguka chini ya ukingo wa kreta ya Kibo, na njia yako ya usiku wa kileleni imefunikwa sehemu kubwa. Weupe ukibaki hapo siku mbili au tatu, basi kuna baridi na mawingu ya kutosha kuulinda. Mwenzetu wa Arusha ana Meru ya kutazama, mita 4,566. Meru ikiamka nyeupe, theluji imeshuka hadi kimo cha kambi ya Barafu. Na ingawa kati ya milima hii miwili kuna kilomita kama 70, mawingu makubwa ya masika mara nyingi huifikia yote.

Hatua ya 3: Nguo

Hapa nitakaa, kwa sababu mambo mengi huharibikia hapa, tena mjini, kabla ya geti.

Pamba ni adui. Fulana ya pamba, jinzi, soksi za shule na singilendi hunyonya maji na kuyashikilia mwilini, na maji huondoa joto la mwili takriban mara 25 haraka kuliko hewa. Nguo ya sufu au ya poliesta ikilowa bado hukupa joto kiasi, na hukauka kwa joto la mwili wako. Huhitaji fedha nyingi. Soko la Memorial pale Moshi lina mitumba ya kila aina, na ukienda mapema na ukasoma lebo ndani ya kola utapata sufu na poliesta kwa bei ya nguo ya kawaida. Ukikuta lebo inasema pamba, rudisha, hata kama koti limependeza.

Vaa kwa tabaka. Ya ndani iwe nyembamba inayobana ngozi. Ya kati nene, yenye manyoya manyoya. Ya nje isiyopitisha maji wala upepo. Jaribu ile ya nje nyumbani: simama chini ya bomba la bafuni dakika kumi. Makoti mengi ya mitumba yana sura ya koti la mvua lakini utando wake wa ndani umeshachakaa, na afadhali uligundue hilo bafuni kuliko kambini Shira.

Chukua glovu jozi mbili, nyembamba za ndani na kubwa za nje, na jozi ya tatu ya akiba kwa kundi zima. Mzula unaofunika masikio. Miwani ya jua nyeusi ya kweli, kwa sababu theluji mbichi hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza macho, na saa chache bila miwani zinatosha kukuacha huoni hadi kesho yake. Viatu viwe na nafasi ya soksi nene. Kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole huganda hata ukivaa soksi tatu.

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kufunga nguo ndani yake. Nunua au azima mfuko mzito usiopitisha maji, uweke ndani ya begi, na ndani yake viwepo vitu viwili ambavyo havitoki mpaka kambi ya mwisho: begi la kulalia, na seti moja kamili ya nguo za kileleni. Lowa na nguo za njiani siku nne ukitaka. Seti hiyo isiguswe.

Sasa wagumu. Kiongozi wa kundi, kabla ya kusaini getini, kagua nguo za kila mgumu kwa macho yako. Viatu vina soli? Ana koti la mvua au amejifunga turubai? Usiku atalala wapi na atajifunika nini? Moshi kuna mradi unaosaidia wapagazi, KPAP, unaowaazima nguo na viatu vya mlimani bila malipo. Mwelekeze mapema, maana asubuhi ya safari umechelewa. Mzigo wa kampuni usizidi kilo 20, na ukumbuke kwamba turubai na hema vikilowa vinaongeza uzito ambao mizani ya getini haikuupima. Mvua ikinyesha, punguza mzigo wa mtu mmoja mmoja kila asubuhi. Kundi linalowaacha wagumu wake walale wamelowa halijajiandaa, hata kama wageni wake wana makoti ya bei mbaya.

Hatua ya 4: Kutoka getini hadi kambi ya mwisho

Ondoka mapema. Mlima huu una tabia ya kila siku: alfajiri kweupe, mawingu yanapanda kutoka msituni katikati ya asubuhi, mvua mchana, usiku nyota zinaonekana. Ukianza kutembea saa moja na nusu asubuhi, mara nyingi utakuwa umefika kambini kabla mvua haijakolea. Vijito vya kati ya Barranco na Karanga hujaa mchana baada ya mvua. Asubuhi huwa vimepungua.

Usitembee ukitokwa jasho. Jasho ni maji kama mvua. Vua tabaka la kati kabla ya kupanda ukuta wa Barranco, livae tena ukisimama. Ukifika kambini badilisha nguo za ndani kwanza, chai baadaye.

Hatua ya 5: Usiku wa kileleni

Jioni ile, kabla ya kulala, kundi likubaliane saa ya kugeuka. Iseme kwa sauti mbele ya wote: "Ndugu zangu, saa mbili asubuhi kama hatujafika ukingoni mwa kreta, Stella au Gilman, tunageuka, hata kama bendera tunaiona." Mimi nashikilia saa mbili kwa sababu kadhaa. Mawingu ya asubuhi yako njiani. Theluji iliyoganda usiku na kukubeba vizuri inaanza kulainika. Na mtu aliyetembea saa nane kwenye kimo ambako hewa ina karibu nusu ya oksijeni ya pwani hana nguvu ya kushuka salama akiongezewa saa mbili nyingine. Makubaliano yafanyike jioni, kichwa kikiwa bado kinafanya kazi. Kule juu hakuna anayefikiri vizuri, awe mgeni au kiongozi.

Kuna usiku ambao hampaswi kutoka kabisa. Kama saa tano usiku theluji bado inaanguka na upepo unalifanya hema lipige kelele mfululizo, subirini. Saa nane ikifika bila mabadiliko, lalaneni. Kampuni yenye akili huweka siku moja ya akiba kwenye safari za vuli, na ningemshauri mteja alipie siku hiyo kabla ya kulipia kitu kingine chochote.

Kwenye theluji mbichi, kiongozi atangulie akipiga hatua, na wote waweke miguu kwenye nyayo zake. Njia ya zigizaga inayojulikana na kila mtu mwezi Agosti hupotea chini ya theluji ya sentimita 30, na watu huanza kukata moja kwa moja. Kataa. Kipande cha kati ya Gilman na Stella kinapita ubavuni mwa kreta, na kikiwa na barafu ndicho kinachotaka uangalifu kuliko vyote: fimbo mbili, minyororo ya meno chini ya viatu kama ipo, na umbali wa hatua kadhaa kati ya mtu na mtu. Kama hakuna minyororo na barafu inang'aa, Gilman ni mahali pa heshima pa kugeukia.

Chupa ya maji ivishwe soksi na iwekwe kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu na mdomo wa chupa utabaki wazi. Mpira wa kunywea maji utaganda. Simu na betri za tochi ya kichwa zikae kifuani.

Western Breach na mawe

Tarehe 4 Januari 2006, mawe yaliporomoka juu ya kambi ya Arrow Glacier na kuwaua Wamarekani watatu. Njia ilifungwa kwa karibu miaka miwili. Sababu inaeleweka: barafu hushika mawe kama saruji, na Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912. Kila mwaka mawe mengine yanabaki bila kitu cha kuyashikilia. Maji huingia kwenye nyufa, yakiganda usiku yanapanua ufa, yakiyeyuka mchana jiwe linaachiliwa.

Msimamo wangu ni kwamba mpandaji wa mara ya kwanza hana sababu ya kupita pale, na wakati wa mvua hata mzoefu hana. Anayepita kwa vyovyote apite giza likiwa bado, kila mtu na kofia ngumu, wagumu wakiwamo, na pasiwe na kupumzika chini ya korongo. Sauti ya jiwe ikisikika, anayeliona apige kelele "Jiwe!" na wengine wajibanze ukutani, usiinue uso kutazama.

Meru

Meru huchukuliwa kama mazoezi ya Kilimanjaro, na hapo ndipo watu hukosea kipimo. Kutoka Saddle Hut, mita 3,570, njia hufuata ukingo wa kreta, na baada ya Rhino Point kuna miamba ya kuvuka kwa mikono. Miamba hiyo ikiwa na mvua ya mawe iliyoganda, au ukungu ukifunika alama za rangi, kosa la hatua moja ni kubwa kuliko lolote utakaloweza kulifanya kwenye njia ya Marangu. Askari wa hifadhi anayewasindikiza kwa sababu ya nyati anaujua ukingo ule. Akisema leo hapana, ni hapana. Little Meru, kilele kidogo, iko karibu na Saddle Hut, na inatosha kwa siku mbaya.

Radi

Mwezi mkavu haukulindi. Mpanda milima wa Ireland, Ian McKeever, aliuawa na radi Kilimanjaro tarehe 2 Januari 2013. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shukeni kutoka kwenye migongo ya mlima na mbali na Lava Tower na majabali yaliyosimama peke yake. Weka fimbo chini, tawanyikeni, chuchumaa juu ya begi miguu ikiwa pamoja. Hema si kinga. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mtu akipoa

Anatetemeka sana, kisha maneno yanaanza kukwama, kisha anajikwaa. Akiacha kutetemeka huku bado yuko baridini, hajapona, mwili umeishiwa. Mwondoe kwenye upepo, vua kila kilicholowa, mvike kikavu, mwingize kwenye begi la kulalia na mtu mwingine mwenye joto. Kama anameza vizuri, mpe chai ya sukari nyingi. Pombe marufuku, kwa sababu hupeleka damu kwenye ngozi na kuongeza kupoteza joto. Usimsugue mikono na miguu. Vidole vilivyoganda visikandwe wala kusuguliwa kwa theluji, na visiyeyushwe kama vitaganda tena njiani.

Kujikwaa na kuongea ovyo ni dalili pia za ubongo kuvimba kwa sababu ya kimo. Usipoteze muda kubishana ni lipi kati ya hayo. Mshushe, usiku huohuo, kwa machela ya gurudumu kama ipo kambini. Helikopta isiwe tegemeo, kwani haiwezi kuingia kwenye mawingu, na siku ya theluji ndiyo siku ya mawingu. Mgonjwa naye aseme mapema. Mgumu kijana akimwambia kiongozi, "Mkuu, mikono haihisi kitu," asikatishwe wala kuchekwa.

Kwa wanaokwenda milima ya nje

Vijana wa Moshi na Arusha wanaopata kazi au mafunzo kwenye milima ya pwani ya Kanada watakuta hatari niliyosema ni ndogo kwetu, maporomoko ya theluji, ikiwa ndiyo kubwa. Kule bahari ya Pasifiki humwaga theluji nzito na yenye unyevu, na maporomoko mengi hutokea wakati wa dhoruba na saa 24 hadi 48 baada yake. Mvua ikinyesha juu ya theluji, kaa nje ya mteremko. Mwaka 1910 huko Wellington, jimbo la Washington nchini Marekani, theluji ya siku nyingi ilifuatwa na mvua na radi. Usiku wa kuamkia Machi 1 mlima ulishuka juu ya treni zilizokwama, wakafa watu 96.

Kila asubuhi soma taarifa ya Avalanche Canada, yenye viwango vya hatari 1 hadi 5. Kila mtu abebe kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi, kijiti kirefu cha kuchomea theluji na koleo, tena awe amefanya mazoezi ya kuvitumia, kwa kuwa aliyefukiwa ana dakika kama 10 hadi 15 tu za matumaini makubwa. Theluji ikitoa mlio mzito chini ya miguu au ikipasuka mistari mbele yako, rudi ulikotoka. Maporomoko mengi yanayoua huanzishwa na uzito wa watu wenyewe.

Ukishashuka

Anika hema, begi la kulalia na viatu siku hiyohiyo, kwa sababu kitu kilichofungwa kikiwa kimelowa huoza na kupoteza uwezo wa kuzuia maji. Nguo za kuazima zirudishwe zikiwa zimefuliwa, kuna mgumu mwingine anayezisubiri. Na pale getini unaposaini kutoka, mwambie askari na viongozi unaokutana nao ulichokiona juu: theluji ilianzia kimo gani, ilikuwa laini au barafu, ni wapi mawe yalikuwa yanaanguka na saa ngapi. Kundi linalopanda asubuhi hiyo halina utabiri mwingine wa karibu kuliko huo.